Pete za GEM za kuunganishia vena: mapitio kwa timu za upasuaji wa hadubini

Flapu nyingi (vipande vya ngozi, nyama au mfupa vinavyohamishwa pamoja na mishipa yake hadi sehemu nyingine ya mwili) zinazopotea baada ya upasuaji wa hadubini hupotea kwa sababu damu iliyoingia imekosa pa kutokea. Ateri ina ukuta mnene na msukumo wa moyo nyuma yake. Vena ina ukuta laini unaolala ukiguswa, damu yake inakwenda polepole, na kosa dogo la mshono linatosha kuanzisha donge. Kwa hiyo kifaa kilichobuniwa hasa kwa ajili ya maungio ya vena kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kifaa chenyewe ni GEM Coupler: pete mbili ndogo za plastiki zinazounganisha ncha mbili za mshipa bila uzi. Kilitoka kwa Synovis ya Birmingham, Alabama, kampuni iliyonunuliwa na Baxter mwaka 2012.

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike. Kwa vena yenye kipenyo cha milimita 1.5 hadi 4 na ukuta laini, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya kufikiria dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda. Kwa ateri, shona kwa mkono. Na timu ambayo haina mtu anayeweza kushona vena ya milimita 2 kwa uzi wa 10-0, ulio mwembamba kuliko unywele, isinunue pete kwanza, maana kuna siku pete itakataa katikati ya kazi, na hapo ni uzi tu utakaookoa flapu.

Donge ndani ya mshipa mdogo huanzia mahali panapojulikana. Ukuta wa ndani wa mshipa umefunikwa na utando mwororo ambao chembe sahani za damu, zile zinazoanzisha donge, haziung'ang'anii. Utando huo ukichanika, au tabaka la nje la mshipa likijikunja na kuingia ndani, au uzi ukiachwa unaning'inia kwenye njia ya damu, chembe sahani hushika hapo ndani ya dakika chache. Mshono wa mkono wa vena ya milimita 2 unahitaji takriban mishono minane au tisa, na kila mshono ni tundu mbili za sindano na kipande cha uzi kinachoguswa na damu. Kosa linalotisha zaidi ni sindano kushika ukuta wa mbele na wa nyuma pamoja. Chini ya hadubini mshono unaonekana mzuri, klampu zinafunguliwa, damu inapita kidogo, na saa chache baadaye vena imeziba.

Pete zinaondoa sehemu kubwa ya hatari hizo. Ncha ya mshipa inapitishwa katikati ya pete, kisha inakunjwa kwa nje kama unavyokunja mkono wa shati, na kukitwa kwenye pini. Ncha ya pili inafanyiwa hivyohivyo kwenye pete ya pili. Pete zikibanwa pamoja, utando wa ndani wa upande mmoja unakutana na utando wa ndani wa upande mwingine, na pini zote zinabaki nje ya njia ya damu. Faida nyingine ni kwamba pete ni ngumu, kwa hiyo inaiweka vena wazi mahali pale pale ambapo ingependa kulala.

Wazo hili si jipya. Nakayama wa Japani alieleza pete zenye pini mwaka 1962, na Östrup na Berggren wa Sweden walitoa muundo uliozaa kifaa cha leo mwaka 1986. Kilichobadilika ni ubora wa plastiki, mkono wa kukifungia, na wingi wa uzoefu. Timu ya Philadelphia ilichapisha mwaka 2010 matokeo ya maungio 1,000 mfululizo ya vena katika urekebishaji wa matiti kwa kutumia pete hizi. Vena zilizoziba zilikuwa asilimia 0.6. Hao ni mikono yenye mazoezi mengi, na matiti yana mishipa safi, kwa hiyo usiahidi namba hiyo kwa taya la mgonjwa aliyechomwa mionzi. Hata hivyo inaonyesha kifaa kinaweza kufika wapi.

Ndani ya seti kuna vitu vya aina mbili. Pete zenyewe huja zikiwa safi, jozi moja kwa kila kasha, na hutumika mara moja tu. Ni za polietilini, zenye pini sita za chuma kisichoshika kutu na matundu sita yanayopokea pini za mwenzake. Saizi ni 1.0, 1.5, 2.0, 2.5, 3.0, 3.5 na 4.0 milimita. Vinavyorudi kwenye mashine ya kusafishia ni mkono wa kufungia wenye kitasa cha kuzungusha, kipimio cha mshipa, na koleo maalumu la kukandamizia ukuta kwenye pini. Koleo hilo watu hulidharau wakatumia la kawaida la vito, na matokeo yake ni pini zilizopinda na utando uliokwaruzwa. Maelekezo ya kifaa yanataka mshipa wenye kipenyo cha nje kati ya milimita 0.8 na 4.3, na ukuta usiozidi milimita 0.5. Kikomo hicho cha ukuta ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoamua kama ukuta utakunjika au utarudi ndani.

Kazi inaanza kabla pete haijafunguliwa. Safisha mafuta na tabaka la nje kwenye ncha zote mbili, na uwe na karibu sentimita moja ya vena iliyo huru kati ya klampu na ncha. Chini ya hapo utavuta, na vena inayovutwa hupasuka kwenye pini. Chora mstari wa wino juu ya mshipa kwa urefu wake kabla ya kuukata, kwa sababu vena iliyojisokota nusu mzunguko inaonekana sawa kabisa ikiwa tupu. Kisha ondoa mkazo wa mshipa: lignokaini ya asilimia 2 au papaverini kwa nje, subiri dakika chache, halafu ndipo upime. Anayepima vena iliyojikaza huchagua pete ndogo kupita kiasi, na pete ndogo ni mlango mwembamba wa kudumu.

Kipimio huwekwa kando ya mshipa bila kuunyoosha. Pima ncha zote mbili, na chagua pete kwa kufuata ile ndogo. Ncha kubwa itajigawa kwenye pini, mradi mikunjo isambazwe sawasawa kuzunguka pete nzima. Tofauti ikiwa kubwa sana, usilazimishe. Unganisha ncha kwa ubavu kwenye vena kubwa ya jirani, jambo ambalo pete hizi zinaliweza vizuri, hasa kwenye vena kubwa ya shingo.

Pete zikishakaa kwenye mkono, pitisha ncha ya kwanza na uanze na pini tatu, ukiruka moja moja, ili mshipa ushikwe kwa pembe tatu sawa. Malizia tatu zilizobaki. Kila pini lazima itoboe ukuta mzima. Ncha yake ionekane imetokeza upande wa utando wa ndani. Pini iliyoshika tabaka la nje pekee ndiyo chanzo kikuu cha kuvuja, na mbaya zaidi, huacha utando wa ndani urudi kwenye njia ya damu. Acha ukingo kidogo wa ukuta nje ya pini ili usichanike wakati wa kufunga. Osha kwa maji ya chumvi yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), tazama kama kuna unyuzi wa tishu au kipande cha mafuta kilichobaki katikati, kisha fanya upande wa pili.

Zungusha kitasa polepole kuelekea mwelekeo wa saa. Pete zitasogeleana zenyewe. Karibu na mwisho, kabla mkono haujaziachia, zibane kwa koleo dogo la kubania mishipa, kisha endelea kuzungusha mpaka zitoke. Pete zinashikana kwa msuguano wa pini ndani ya matundu tu. Zisipobanwa sawa, upande mmoja unaweza kubaki wazi kwa upana wa unywele na kuachia baadaye mgonjwa anapokohoa. Fungua klampu ya vena kwanza, kisha ya ateri. Mikono ikizoea, kazi hii yote huchukua takriban dakika 5, wakati mshono wa mkono huchukua 20 hadi 30. Dakika hizo zinapunguza muda ambao nyama inakaa bila damu, na kwa flapu yenye misuli, ambayo huanza kuharibika baada ya saa chache tu za joto la mwili, hilo ni jambo kubwa.

Makosa yanayobaki ni yale ambayo pete haiwezi kuyaona. La kwanza ni mkunjo. Pete ni ngumu na vena ni laini, kwa hiyo vena ikiwa ndefu kupita kiasi hukunjika palepale pete inapoishia. Lilaze shina lote la mishipa katika mkao ambao mgonjwa atalala nao wodini, kichwa kikiwa katikati, na uangalie tena kabla ya kufunga ngozi. La pili ni tawi la pembeni karibu na ncha: likibaki ndani ya milimita chache kutoka kwenye pete, huvutwa, huchanika, na donge la damu iliyovuja huikandamiza vena. Lifunge mapema. La tatu ni nafasi. Chini ya ngozi nyembamba ya mgongo wa mkono au ya kichwa, pete hupapasika, na inaweza kutoboa ngozi miezi kadhaa baadaye. Hapo uzi ni bora.

Vena iliyokakamaa ni jambo la peke yake. Mionzi, kisukari cha muda mrefu, dawa za steroidi na kuvimba kwa mishipa hufanya ukuta uwe mgumu au uchanike ukikunjwa. Maelekezo ya mtengenezaji yanakataza pete katika mishipa ya namna hiyo, pia mahali penye maambukizi. Jaribio rahisi ni kukunja ukingo kwa koleo kabla ya kufungua kasha. Ukirudi ndani wenyewe, au ukipasuka, acha kasha lifungwe na uchukue uzi. Sababu hiyohiyo ndiyo inayotufanya tuikatae kwa ateri nyingi: ukuta mnene haukunjiki kwa pembe ya digrii 90, na nguvu inayotumika kuulazimisha inachana utando ambao ulitaka kuulinda.

Pete ikivuja au vena ikiziba mezani, usijaribu kuifungua na kuitumia tena. Kata pande zote mbili, ondoa sehemu iliyopondwa, na anza upya kwa jozi mpya au kwa mkono. Utapoteza milimita kadhaa kila upande, kwa hiyo shina la mishipa likatwe refu tangu mwanzo.

Sasa dawa, maana wengi hununua pete wakidhani wamemaliza suala la mgando, na wengine humwaga heparini wakidhani hawahitaji pete. Maji ya kuoshea yenye heparini uniti 100 kwa mililita yanatosha kuondoa damu iliyobaki ndani ya mshipa. Chukua mililita 1 ya heparini yenye uniti 5,000 kwa mililita na uichanganye na mililita 49 za maji ya chumvi. Soma lebo mara mbili: chupa nyingi ni za mililita 5, yaani uniti 25,000 ndani ya chupa nzima, na anayemimina chupa yote amezidisha mara tano. Usichanganye heparini na papaverini kwenye bomba moja. Hutengeneza chembechembe nyeupe ambazo hutaki ziingie kwenye mshipa wa milimita 2.

Kwa mwili mzima, enoksaparini miligramu 40 chini ya ngozi mara moja kwa siku ni kinga nzuri dhidi ya mgando wa vena za miguu kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Aspirini ya dozi ndogo hutolewa na timu nyingi, lakini ushahidi kwamba inaokoa flapu ni dhaifu. Dekstrani, maji ya sukari nzito ya mshipani ambayo baadhi huitumia kuzuia mgando, tunaikataa waziwazi: inaweza kuleta mzio mkali, maji kwenye mapafu na kuumiza figo, bila faida ya wazi kwa flapu. Heparini nyingi ya mshipani nayo ina mtego wake. Mgonjwa huvuja, damu hujikusanya chini ya ngozi, mkusanyiko huo huibana vena, na vena iliyobanwa huganda. Joto la mwili, maji ya kutosha na shinikizo la damu lisiloshuka vina kazi kubwa zaidi kuliko vinavyopewa sifa.

Kuna toleo la pili la kifaa hiki, FLOW COUPLER, ambalo pete yake moja imebeba kipande cha Dopla (kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza mwendo wa damu) cha megahezi 20. Waya mwembamba hutoka kupitia ngozi hadi kwenye monita pembeni ya kitanda. Hili ndilo toleo linalotuvutia zaidi, kwa sababu linasikiliza vena yenyewe. Dopla ya mkono inayowekwa juu ya ngozi ya flapu hutoa sauti ya ateri, na ateri inaweza kuendelea kupiga kwa muda mrefu baada ya vena kuziba, nesi akaandika kuwa hali ni nzuri huku flapu ikijaa damu. Dopla iliyo kwenye vena hunyamaza mara vena inapoziba, na hunyamaza muda mfupi baada ya ateri kuziba pia, kwa kuwa hakuna damu ya kurudi.

Kero yake ni kengele za uongo. Waya ukivutwa, kipande cha Dopla huchomoka kwenye pete na sauti hupotea huku vena ikiwa nzima. Ushonee waya kwenye ngozi mahali pawili, uache kitanzi kilicholegea, na andika juu ya bandeji kwamba usivutwe. Sauti ikipotea, kabla ya kukimbilia chumba cha upasuaji angalia kwa haraka: kichwa kimegeuzwa? Kamba ya bomba la koo imekaza shingoni? Bandeji imevimba kwa damu? Kamba hiyo ya shingoni imeziba vena nyingi, na tiba yake ni mkasi. Lakini ukaguzi huo usizidi dakika chache. Kama flapu nayo imebadilika, rudi mezani.

Wala monita haiondoi macho ya nesi. Kagua flapu kila saa kwa saa 24 za kwanza, kila saa mbili kwa siku ya pili, kisha kila saa nne hadi siku ya tano. Madonge mengi hutokea ndani ya siku mbili hadi tatu za mwanzo. Vitabu vingi vinaeleza flapu iliyoziba vena kuwa ya zambarau, na damu kurudi chini ya sekunde moja ukiibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi ishara hizo hujificha, hasa usiku chini ya taa hafifu, na nesi anayesubiri kuona zambarau atachelewa. Tegemea vitu vingine: flapu imekuwa ngumu na imejaa kuliko saa iliyopita, ukingo wake unatoa damu nyeusi, na ukiichoma kwa sindano nyembamba damu nyeusi inaruka haraka. Damu isipotoka kabisa, au ikitoka maji tu, fikiria ateri. Inapowezekana, acha kwenye flapu sehemu ya ngozi ya unyayo au ya kiganja, au kipande cha ndani ya mdomo kinachoonekana, kwa kuwa rangi hapo husomeka vizuri zaidi. Ruba wa tiba si jibu la vena kuu iliyoziba wakati mgonjwa anaweza kurudishwa mezani. Nafasi yao ni pale ambapo hakuna tena vena ya kuunganisha, na wakitumika antibiotiki ya kuzuia Aeromonas, bakteria wanaoishi ndani ya ruba, ni lazima.

Upande wa gharama, jozi moja ni mamia ya dola, na toleo la Dopla ni ghali zaidi, achilia mbali monita. Kwa hospitali inayofanya flapu chache kwa mwaka, mkono wa kufungia unaweza kukaa kabatini hadi pete zipitwe na muda. Usinunue kasha la kila saizi kwa wingi sawa. Kwa taya linalojengwa kwa mfupa mwembamba wa mguu (fibula), na kwa matiti, saizi 2.0, 2.5 na 3.0 ndizo zinazotumika zaidi. Weka jozi tatu za kila moja, jozi mbili za 3.5 na 1.5, na moja ya 4.0. Saizi 1.0 tungeiacha, kwa kuwa vena ndogo hivyo mara nyingi ina mbadala mkubwa zaidi ukitafuta kwa subira. Mwulize muuzaji mambo matatu kabla ya kulipa: tarehe ya mwisho ya kutumika iliyo kwenye makasha atakayoleta, si ya sampuli, nani atatengeneza kitasa kikikwama, na kama atakopesha mkono wa pili. Seti yenye mkono mmoja tu hukwama siku mashine ya kusafishia inapochelewa, na uzi wa 9-0 na 10-0 lazima uwe mezani, umefunguliwa au uko tayari kufunguliwa, kila mara pete inapotumika.